Dakika Tisa na Sekunde Hamsini na Tisa

4 Agosti

Kwa wifi yangu, fundi wa makochi,

Vuta kiti kwanza ndipo usome. Salamu nimeziweka mwisho, na ukifika huko ukiwa bado unazitaka, basi una ngozi ngumu kuliko hayo makochi unayoyashona.

Nakuandikia barua badala ya kukupigia kwa sababu nakujua. Kwenye simu utanitania, nitacheka, na nikishacheka kesi imekwisha. Tena nimeipiga chapa kwenye mashine ya kazini, herufi kubwa, usije ukasema hukuelewa.

Leo asubuhi nimefungua mkoba wa ndege kwa mara ya kwanza tangu mashindano. Wiki tatu nzima sikuugusa, nilikuwa nalitazama kombe. Nimeliweka maabara, juu ya meza yangu, kati ya tanuri na makopo ya plasta, na kila anayekuja kuchukua meno ya mgonjwa wake lazima aulize. Nami namweleza bila kufupisha. Ndege haina injini, mabawa mita tatu, inavutwa juu kwa kamba ya mpira, na ikishaachia kamba hapo umebaki wewe, rimoti yako na hewa. Ukae juu dakika kumi. Ukizidisha sekunde unakatwa alama, ukipunguza unakatwa alama, na utue pua ikiwa kwenye msumari wa alama uliopigwa chini. Mimi nilikaa dakika tisa na sekunde hamsini na tisa. Nimeitamka hiyo namba mara ngapi, wifi? Mpaka dada wa mapokezi siku hizi anaitaja kabla yangu.

Sasa sikiliza. Kwenye mfuko wa pembeni nimekuta saa yangu ya kupimia, ile niliyokukabidhi mkononi unipimie muda. Unaijua. Haifuti mpaka uifute mwenyewe, ilichopima mara ya mwisho kinabaki hapo hapo. Na kilichobaki hapo ni dakika nne na sekunde kumi na mbili.

Nne na kumi na mbili! Hiyo ni ya fundi redio, aliyeruka kabla yangu akaangukia mtaroni, na ni wewe uliyempimia kwa saa hiyo hiyo. Maana yake zamu yangu ilipofika hukubonyeza kitu. Lakini ulinihesabia! Nilikuuliza, "Dakika ngapi?" Ukanijibu, "Saba na nusu, mama, tulia hivyo hivyo!" Mwishoni ukaniteremsha kwa sauti, kumi, tisa, nane, nami nikatua kwenye "moja" yako kama kuku anayeitwa kwa punje. Ulikuwa unasoma wapi, wifi?

Halafu hiyo hamsini na tisa. Ungeandika kumi kamili ningesema labda ulichanganyikiwa. Wewe ukapunguza sekunde moja ili uongo ukae vizuri! Hapo ndipo uliponikata maini.

Kadi ya muda tulisaini wote wawili. Sahihi yangu iko chini ya namba ambayo hakuna aliyeipima. Nataka maelezo, na nayataka kwa maandishi.

Msalimie kaka yangu. Zako zinasubiri.

Wifi yako,
Mtengeneza Meno


10 Agosti

Wifi yangu mpenzi, bingwa wetu,

Barua imefika, na bahasha ilikuwa bado ya moto. Kaka yako ameisoma kabla yangu, akaniuliza nimeiba nini kazini kwako. Nikamwambia, "Dada yako ameanza kuhoji saa."

Wifi, mkoba ule mimi naujua, nilikusaidia kuufunga. Una bisibisi, una betri, una gundi, una nusu mkate uliousahau. Saa imegongana na bisibisi njiani ikajibonyeza. Ikajianzisha, ikajisimamisha, ikajiandikia inachotaka. Na hiyo nne na kumi na mbili kufanana na ya fundi redio ni bahati mbaya tu. Vitu vya betri vina wazimu wake.

Umeshinda. Kula raha. Mimi niliyekuwa wa pili nimenyamaza, nakunywa chai yangu, wewe wa kwanza ndiye unalalamika! Uliona wapi? Halafu fikiria ukianza kufukua mambo, wakanifuta na mimi niliyekupimia, kombe litakwenda kwa nani. Kwa Bwana Dozi, wa tatu wetu! Yule yule mwenye duka la dawa, mwenye ndege aliyoinunua ikiwa ndani ya boksi, anayekuja uwanjani na suruali iliyopigwa pasi utadhani anakwenda kuposa. Unataka tumsikilize mwaka mzima akitueleza mabawa yake yametengenezwa na nini? Mimi masikio yangu nayahitaji.

Tulikwenda pale kufurahi. Mimi nilifurahi. Sijawahi kufurahi vile tangu nianze kushika rimoti. Hilo nakuapia, na kwenye hilo hakuna bisibisi.

Liache, wifi. Pumzika. Unalala vizuri? Chai usizidishe, na usibebe vitu vizito.

Wifi yako wa makochi


14 Agosti

Wifi,

Bisibisi!

Nimekaa na hiyo saa na hiyo bisibisi nusu saa nzima. Nimevitia mkobani, nimeutikisa, nimeubwaga sakafuni, nimeushusha ngazi za maabara kidato kwa kidato watu wakinitazama. Haijajibonyeza hata mara moja. Kitufe chake kigumu, kinataka kidole cha mtu mwenye nia.

Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Swali langu ni moja, na umelizunguka ukurasa mzima. Kanuni ya klabu unaijua kuliko mimi: mpima muda akikosea, mrushaji anaruka upya, na haulizwi kitu. Fundi redio mwaka juzi aliruka upya. Bwana Dozi mwenyewe aliruka upya. Ulichotakiwa ni kuinua mkono useme, "Jamani, nimesahau kubonyeza." Tungecheka, ningekutukana kidogo, na baada ya robo saa ningekuwa juu tena. Hewa ilikuwa inapanda vizuri, vipanga watatu walikuwa wanazunguka juu ya uwanja bila kupiga bawa.

Kwa nini hukuinua mkono?

Ulikuwa wa pili. Ungeinua mkono, nami nikaruka vibaya, kombe lilikuwa lako. Mtu hajipokonyi kombe hivi hivi. Umenipa. Mimi nimefanya kazi ya meno miaka ishirini na sita, na sijawahi kumwekea mgonjwa jino lililokosea kwa upana wa unywele, halafu wewe unanipa dakika tisa za bandia nizipangie meza!

Na chai yangu inakuhusu nini?

Nikikosa jibu kufikia tarehe ishirini na nne, namwandikia Mwenyekiti.

Mtengeneza Meno


19 Agosti

Wifi,

Haya. Umelitaka, lichukue, na ukishalipata usinililie.

Umeniita mwongo wa kila aina katika barua mbili, na kaka yako anakaa pale anatikisa kichwa kana kwamba ameoa mwizi. Mimi pia nina hasira. Nimechoka kujifanya sioni unayonificha.

Ulipokuja kwetu mwezi wa tatu uliniomba nikutungie uzi kwenye sindano. Wewe, mchonga meno! Mezani ulikishika kikombe kwa mikono miwili, ukasema unasikia baridi, na mimi nilikuwa nimefungua madirisha yote kwa joto. Siku hizi rimoti unaifunga kifuani kwa mkanda na viwiko umevibana mbavuni, unasema ni mtindo mpya. Na hizi barua! Ulikuwa unajisifu kwa mwandiko, kadi zetu zote za harusi uliziandika wewe. Leo unaniandikia kwa mashine, eti nisiseme sikuelewa. Nimeelewa, wifi. Mikono yako inatetemeka, na mwaka wote hukuniambia.

Siku ile nilikuwa na saa mkononi, kidole juu ya kitufe. Ukaachia kamba. Hapo natakiwa nibonyeze na kutazama juu. Sikutazama juu. Nilitazama mikono yako, kwa sababu niliiogopa. Na ilikuwa imetulia.

Imetulia kabisa. Vidole vimekaa juu ya vile vijiti kama zamani. Nikasema moyoni, itaanza sasa hivi. Haikuanza. Nikaendelea kuitazama. Sikuiona ndege, sikuwaona vipanga wako, nilikuona wewe, na nilikuwa na furaha ya kijinga mpaka uliponiuliza dakika ngapi. Ndipo nikaitazama saa nikakuta nne na kumi na mbili, imelala fofofo.

Nikakuambia saba na nusu. Unataka kujua niliitoa wapi? Kupiga misumari upande mmoja wa kiti cha kochi kunanichukua dakika saba na nusu, nimefanya hivyo maisha yangu yote, na niliona kama upande mmoja ulikuwa umekwisha. Nikaendelea kupigilia kichwani hadi mwisho. Hiyo ndiyo saa yako.

Kwa nini sikuinua mkono? Kwa sababu ungeruka upya. Baada ya robo saa ungesimama pale na ile mikono imerudi, na Bwana Dozi yuko hatua tatu kutoka kwako. Yeye ndiye anayeiuzia maabara yenu dawa, na bosi wako anakunywa naye kahawa kila Ijumaa. Ungefikaje kazini Jumatatu?

Na kwa sababu zile dakika zilikuwepo. Sijui zilikuwa tisa au kumi na moja, lakini zilikuwepo, niliziona. Nilitaka ziandikwe mahali.

Sasa niite unavyopenda.

Wifi yako


25 Agosti

Kwa Mwenyekiti wa Klabu,

Shikamoo Mwalimu.

Naomba ushindi wangu wa mwezi uliopita ufutwe. Mpima muda wangu hakubonyeza saa. Muda uliopo kwenye kadi ni wa kukadiria, na mimi niliusaini bila kuuliza kwa sababu niliupenda. Kombe nalileta mwenyewe.

Naomba pia niruke upya kama kanuni inavyosema.

Kuna jambo jingine, na nalisema mimi kabla hajalisema mtu. Mikono yangu inatetemeka, ni mwaka sasa. Daktari anasema ni ya ukoo, haiui, ila haiondoki. Sitaki nafasi ya upendeleo wala kusogezewa msumari. Nataka saa inayotembea.

Mtengeneza Meno


2 Septemba

Kwa Mtengeneza Meno na Fundi wa Makochi,

Nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja na nimeongoza klabu hii miaka kumi na miwili. Nimeletewa malalamiko ya kila namna. Wameniletea mpaka malalamiko dhidi ya upepo. Mshindi kulalamikia ushindi wake, hili ni la kwanza, na sikuwa na fomu yake.

Fundi wa Makochi, nimesikitika. Umeandika jibu bila kufanya hesabu, kosa ambalo wanafunzi wangu walikuwa wakipigiwa sifuri. Wewe pia umepigiwa sifuri: alama zako za mzunguko ule zimefutwa, na nafasi ya pili huna tena. Kukadiria muda kwa misumari ya kochi, kama ulivyonieleza kwa simu, hakumo katika kanuni, na nimezipekua kwa makini.

Mtengeneza Meno, utaruka upya Jumamosi ya tarehe 14, saa nne asubuhi. Mpima muda atakuwa yule yule, maana sioni sababu ya kumwacha aende na kosa lake nyumbani. Nitasimama nyuma yake nikitazama kidole.

Mwenye Duka la Dawa nimemjulisha kwamba, kwa hali ilivyo, kombe linaweza kuwa lake. Amekataa kulipokea kabla hujaruka. Kwa maneno yake: "Mwalimu, mimi sikuja kushinda kwa posta."

Mwenyekiti


17 Septemba

Wifi,

Saa yako hii hapa. Ulivyokimbilia basi uliiacha mkononi mwangu. Nimeifunga kwenye kipande cha sponji ya makochi, isije ikakutana na bisibisi.

Sijaifuta. Nimeipitisha mbele ya kaka yako na mbele ya Mwenyekiti na sasa naipitisha kwako, soma mwenyewe.

Ila nina lalamiko. Kwa nini ulicheka vile? Mimi nimesimama pale kidole kimekufa ganzi kwenye kile kitufe, Mwalimu ananipumulia kisogoni, na wewe unacheka! Nililia njia nzima kurudi nyumbani. Kaka yako alidhani nalilia kombe.

Na hukunisalimia wakati wa kuondoka. Kama bado umekasirika niambie, nijue nilie mpaka lini.

Wifi yako wa makochi


22 Septemba

Wifi yangu,

Hii nimeiandika kwa mkono. Ukishindwa kuisoma mpe kaka yangu, yeye amezoea mwandiko mbaya, alikuwa nao tangu shule.

Ndiyo, bado nimekasirika. Nimekasirika kwamba uliona kitu kikubwa kama kutetemeka kwangu ukakiweka moyoni tangu mwezi wa tatu. Nimekasirika zaidi kwamba mikono yangu ilitulia dakika zote zile na mimi ndiye mtu pekee ambaye sikuiona, nilikuwa natazama juu! Ungeniambia siku ile ile, palepale kwenye nyasi, ningekuchukua nikuzungushe uwanja mzima. Badala yake ukanipa bati la kung'arisha. Hilo sikusamehei mpaka mwezi wa kumi.

Unaniuliza kwa nini nilicheka. Nilipoachia kamba ilianza hapo hapo, mikono yote miwili, na ndege juu kule ikaanza kutikisa mkia kama imelewa. Nikajua watu wote wameona. Mwaka mzima nilikuwa naiogopa dakika ile, wifi, na ilipofika ilikuwa dakika tu. Halafu ndege ikayumba kushoto bila mimi kuiambia, ikaingia kwenye hewa inayopanda ambayo mimi nisingeiona hata kwa darubini. Ikapanda! Fundi redio akapiga kelele, "Mama, umeipatia wapi hiyo?" Nikamjibu sijui, muulize mkono. Ndipo nikacheka, na nilipocheka nikaipoteza hewa yenyewe, na mengine uliyaona.

Uliona ndege ilivyoangukia paa la bohari pembeni mwa uwanja. Ulimwona pia Bwana Dozi akipanda kule kuifuata ndege yangu, na ile suruali ikichanika mbele ya kadamnasi. Ambacho hukusikia ni alichoniambia aliponikabidhi. Alisema, "Bawa zima, mkia nitakugundishia." Basi. Hakuuliza mikono. Ijumaa kabla ya kuruka nilikesha nikiwaza atasema nini kwa bosi, na nakuomba radhi kwa niaba yetu sote wawili kwa kila tulichowahi kusema kuhusu pasi yake. Kombe ni lake, nasikia analisafisha kwa spiriti. Suruali umshonee wewe, kwa uzi wa makochi, na usichukue kitu.

Bosi nimemwambia mwenyewe Jumatatu. Nilitaka alisikie kwangu. Akasema meno ya mbele yatakwenda meza ya pili na mimi nitashika plasta na vipimo. Sikulia pale, nililia stoo. Miaka ishirini na sita, wifi. Nakwambia wewe kwa sababu umeshaniona.

Jana dada wa mapokezi ameingia, akaona kombe halipo mezani, mahali pake kuna saa juu ya kipande cha sponji.

"Kombe liko wapi?"

Nikamwambia limekwenda kwa mwenyewe. Akainama akasoma. "Sita na kumi na moja. Mbona huwa unasema tisa na hamsini na tisa?"

Nikamwambia, "Hiyo ilikuwa ya wifi yangu. Hii ni yangu."

Sijaifuta. Salamu zako, zile za tangu Agosti, hizi hapa zote.

Wifi yako,
wa plasta